Taiming ya Distributa Ianze Juu

Mwenye Datsun 240Z aliyetoka kufanya overholi, akabadilisha kamshafti na kufunga kabureta tatu za Weber, huja kwa fundi na swali moja: taiming iwekwe ngapi? Fundi hufungua kitabu cha kiwanda, hutaja namba ya silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, huwasha taa ya taiming, huzungusha distributa mpaka alama ikae pale kitabu kinaposema, hukaza bolti, na kazi huhesabiwa imekwisha. Msimamo wangu ni kwamba kwenye injini ya aina hiyo namba ya silensa ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote, na kwamba pistoni inaweza kutobolewa na fundi aliyefuata kitabu neno kwa neno. Namba inayoamua uhai wa injini iko juu, kuanzia mizunguko 3,500 hivi kwa dakika, pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Taiming ianzie huko, silensa ifuate.

Nimechagua injini ya 240Z, iitwayo L24, kwa sababu ina historia yake kwetu. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ni injini ya silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, kipenyo cha silinda mm 83 na mwendo wa pistoni mm 73.7. Faya oda yake ni 1-5-3-6-2-4, na rota ya distributa huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Magari ya ukoo huo bado yanakimbia kwenye East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, kwa hiyo ufundi huu bado una kazi ya kufanya.

Tuanze na sababu ya cheche kutangulia. Cheche haiwashi mchanganyiko wote wa hewa na petroli kwa mpigo mmoja. Moto huanza kama kitone kwenye ncha ya plagi, hukua taratibu kwa muda mfupi, kisha husambaa kwa kasi mpaka ukuta wa silinda. Presha kubwa kabisa inatakiwa ifike pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, nyuzi 12 hadi 16 hivi baada ya kilele cha mwendo wake, kwa sababu hapo ndipo krankishafti inaposukumwa kwa faida. Moto unahitaji muda, na pistoni haisubiri. Kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, krankishafti hukata nyuzi 6 katika milisekunde moja. Kwenye mizunguko 6,000 hukata nyuzi 36 katika muda uleule. Ndiyo maana cheche lazima ipigwe pistoni ikiwa bado inapanda, na nyuzi hizo za kutangulia mafundi huziita advansi.

Cheche ikitangulia mno, presha hufika kilele pistoni ikiwa bado inakuja juu. Mchanganyiko ulio pembeni, ambao moto haujaufikia, hubanwa na kupashwa joto mpaka unalipuka wenyewe. Hapo ndipo injini inapogonga. Mlio ule ni mawimbi ya presha yanayopiga ukuta wa silinda, na hung'oa tabaka jembamba la gesi iliyopoa kiasi ambayo kwa kawaida huukinga uso wa pistoni. Tabaka hilo likiondoka, alumini huanza kuyeyuka. Cheche ikichelewa mno, gesi huwa bado inawaka valvu ya ekzosti inapofunguka, hivyo joto lililopaswa kusukuma gari huishia kwenye manifoldi na rejeta. Gari huwa zito, hunywa mafuta na huchemsha, na wengi hudhani tatizo ni maji.

Ingekuwa moto unachukua muda uleule daima, advansi ingehitaji kuongezeka sambamba na mizunguko bila kikomo. Haiwi hivyo. Mizunguko ikipanda, hewa huingia kwa nguvu zaidi, msukosuko ndani ya silinda huongezeka, na msukosuko huo huharakisha moto. Kuanzia mizunguko 3,000 au 3,500 hivi, haraka ya moto karibu inalingana na haraka ya pistoni, na mahitaji ya advansi hutulia. Hii ndiyo sababu ya umbo la kila mkunjo wa advansi uliowahi kuchorwa: unapanda kwa kasi mwanzoni, kisha unalala. Kwa injini kama L24, yenye valvu mbili kwa silinda na plagi iliyokaa ubavuni mwa chumba cha moto, wengi wanaozipima kwenye dainamomita huishia kati ya nyuzi 32 na 36 za jumla. Injini ya valvu nne yenye plagi katikati, kama ile ya Cosworth iliyowekwa kwenye Ford Escort RS1600, huhitaji pungufu, kwa kuwa moto una safari fupi kutoka plagi mpaka ukingo. Advansi kubwa si dalili ya injini kali. Mara nyingi ni dalili ya chumba cha moto kinachochoma taratibu.

Distributa hutoa nyuzi hizo kwa njia tatu zinazojumlishwa. Ya kwanza ni pale ulipoifunga, yaani advansi ya mwanzo, ambayo hukaa ileile siku zote. Ya pili ni ya vyuma viwili vidogo vilivyo chini ya bamba la pointi: shafti ikizunguka kwa kasi, vyuma hutanuka kushindana na springi mbili na kuisogeza kamu mbele. Ya tatu ni ya kikombe cha vakyumu ubavuni, ambacho huvuta bamba la pointi gari linapotembea kwa mguu mwepesi.

Kabla ya kuendelea, jambo moja linalowachanganya hata watu wenye uzoefu. Distributa huzunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili, kwa hiyo uzi mmoja kwenye distributa ni nyuzi mbili kwenye puli. Distributa nyingi zina namba iliyogongwa kwenye chuma cha kamu, chini ya rota, inayoonyesha kikomo cha vyuma vile, na kwa kawaida namba hiyo ni ya nyuzi za distributa. Chukua distributa mbili zinazofanana kwa sura, moja imegongwa 10, nyingine 15. Ya kwanza inaongeza nyuzi 20 kwenye puli, ya pili inaongeza 30. Fundi akiziweka zote kwenye nyuzi 14 za silensa, injini ya kwanza itafika 34 juu na kutembea vizuri. Ya pili itafika 44. Zikiwa zinanguruma pale gereji huwezi kuzitofautisha kwa sikio wala kwa taa, maana kwenye silensa zote mbili zinasoma 14. Tofauti itaonekana kwenye mlima wa kwanza.

Hapo ndipo kitabu cha kiwanda kinapomwangusha mtu mwaminifu. Namba ya kitabu ilikuwa sahihi kwa distributa iliyotoka na injini ile, kamshafti ileile, kompresheni ileile na petroli ya wakati ule. Injini iliyofunguliwa na kubadilishwa si injini ya kitabu tena, na distributa iliyopo juu yake, baada ya miaka hamsini ya kuazimana vipuri, inaweza kuwa imetoka kwenye gari jingine kabisa. Kamshafti kali inabadilisha mambo kwa namna yake. Valvu zake hukaa wazi muda mrefu, kwa hiyo kwenye silensa gesi chafu hurudi ndani na kuchanganyika na hewa safi, presha hushuka, moto huwa mzito kuwaka. Injini ya hivyo huomba nyuzi 14 hadi 18 ili isimisi kwenye silensa, wakati huku juu haitaki zaidi ya ile 34 yake. Maana yake vyuma vya distributa lazima vifupishiwe mwendo. Kuna wanaojaza tundu la kikomo kwa kulehemu na kulichonga upya kwa faili, na kuna wanaotafuta distributa yenye namba ndogo. Njia zote mbili ni halali. Isiyo halali ni kuongeza ya mwanzo tu na kumwachia Mungu ya juu.

Kabla taa haijawashwa, alama yenyewe ithibitishwe. Puli ya mbele ya injini nyingi za zamani ni vipande viwili vilivyounganishwa na mpira, na mpira huo huzeeka. Ukiteleza, duara la nje lenye alama huhama, na fundi anasoma nyuzi 10 kumbe ni 16. Kuthibitisha ni kazi ya nusu saa. Fungua plagi zote, ingiza kizuizi cha pistoni kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza, kile kibolti kirefu kinachoigusa pistoni kabla haijafika juu. Zungusha injini kwa mkono taratibu mpaka igome, weka alama kwenye puli. Zungusha upande wa pili mpaka igome tena, weka alama nyingine. Katikati kabisa ya alama hizo mbili ndipo kilele cha kweli kilipo, hata kama kiwanda kilichora kwingine. Kisha pima kipenyo cha puli. Ikiwa ni mm 150, mzingo wake ni mm 471, na kila uzi mmoja ni mm 1.3. Nyuzi 34 zitakuwa mm 44.5 kutoka kilele, upande unaofika kwenye kielekezi kabla ya kilele. Mstari mwembamba wa rangi nyeupe hapo una thamani kuliko taa ya bei ghali yenye kitufe cha kuhesabu nyuzi, maana taa za namna hiyo hudanganyika zikikutana na boksi la ignisheni linalopiga cheche zaidi ya moja.

Kwenye L24 kuna mtego mwingine wa mapema. Distributa haiendeshwi na kamshafti. Inaendeshwa na kishafti kinachosimama juu ya pampu ya oili, kinachozungushwa na gia iliyo mbele ya krankishafti. Aliyeshusha pampu ya oili ameshusha kishafti hicho, na kikirudishwa jino moja pembeni, distributa nzima hukaa mshazari na haitazunguka vya kutosha kufika inapotakiwa. Silinda ya kwanza ikiwa kileleni kwa mpigo wa kuwaka, ulimi wa kishafti unatakiwa ulale kwenye mstari unaotoka 11 kwenda 5 kwenye uso wa saa, nusu yake ndogo ikitazama mbele. Ukiwa tofauti, shusha pampu urudie. Kuhamisha waya za plagi kwenye kofia ili kufidia kosa hilo kunaliwasha gari, ila kunamwachia fundi anayefuata fumbo.

Na pointi zitangulie. Nafasi ya pointi ikibadilika, taiming hubadilika nayo: ikipanuka, pointi hufunguka mapema na cheche hutangulia, kisigino cha pointi kikilika, nafasi hujifunga na cheche huchelewa. Anayepanga taiming kisha akasafisha pointi amefuta kazi yake.

Sasa kazi yenyewe. Injini iwe ya moto. Bomba la vakyumu lichomolewe na lizibwe. Taa ya taiming ibanwe kwenye waya wa plagi ya kwanza. Bolti ya distributa ilegezwe kiasi tu cha mwili wake kuzunguka kwa nguvu ya mkono. Mtu wa pili apandishe mizunguko polepole huku wewe ukitazama alama. Utaiona ikipanda, ikipanda, kisha mahali fulani ikasimama hata mizunguko ikiendelea kuongezeka. Hapo vyuma vimefika kikomo. Kama haijasimama kwenye 3,500, panda zaidi. Ikishasimama, zungusha mwili wa distributa mpaka mstari wako wa 34 ukae sawa na kielekezi. Kwa kuwa rota ya L24 huenda kinyume cha saa, kuzungusha mwili kufuata saa huongeza advansi. Kaza bolti, pandisha tena, hakikisha haikusogea. Ndipo uiache injini ishuke kwenye silensa, usome alama ilipo, na uiandike. Ikiwa ni 14, sawa. Ikiwa ni 8, sawa pia kwa usalama, ingawa umeshajua kwamba distributa hiyo ina mwendo mrefu kuliko unavyotaka. Jihadhari na jambo moja: mwanga wa taa huifanya feni ya mbele ionekane imesimama. Inazunguka, na inakata vidole.

Kazi haiishii kwenye namba mbili. Andika nyuzi kila baada ya mizunguko 500, kuanzia silensa mpaka kikomo, na uchore. Huo ndio mkunjo wa injini yako, na springi ndizo zinazoamua umbo lake. Springi laini hufikisha advansi yote kwenye mizunguko 2,500. Ngumu huchelewesha mpaka 4,000 au zaidi. Gari jepesi lenye gia fupi hufurahia mkunjo wa haraka. Gari la rali lililobeba matairi mawili ya akiba, vipuri na tangi kubwa la mafuta huingia kwenye mchanga mzito kwa gia ya tatu, mizunguko 2,500, pedali chini, na hapo ndipo silinda hujaa hewa kwa muda mrefu na kugonga kuna nafasi ya kuanza. Mara nyingi dawa ya injini inayogonga katikati na kutulia juu ni springi moja ngumu zaidi, na jumla ya juu ikabaki ileile. Wengi hurudisha distributa nyuma, wakapoteza nguvu kote kwa ajili ya kasoro ya mizunguko 500.

Wako mafundi wanaopanga kwa sikio: huzungusha distributa mpaka silensa ipande mwisho, kisha hurudisha kidogo. Siwadharau. Kwa gari la kawaida lenye kompresheni ndogo njia hiyo imewafikisha watu wengi nyumbani, na sikio lao limefundishwa na miaka mingi ya kazi. Tatizo ni kwamba injini isiyo na mzigo hupenda advansi nyingi kupita kiasi; kwenye silensa baadhi zitaendelea kuongeza mizunguko mpaka nyuzi 30. Sikio linasikia injini inafurahi, nalo halina njia ya kusikia kitakachotokea mzigo ukija. Na injini ya mashindano, ekzosti ikiwa wazi, haisikiki ikigonga kwenye mizunguko 6,000. Dereva huhisi tu kwamba gari limepungua nguvu, na huo ni muda wa kuchelewa.

Kuhusu vakyumu kuna ubishi wa miaka mingi. Wa mashindano ya uwanjani huing'oa, na wana sababu: pedali ikiwa chini muda wote, manifoldi haina vakyumu, kikombe kinabaki mzigo. Kabureta za Weber zenye mdomo mmoja kwa kila silinda nazo hutoa mvuto unaorukaruka, usiotosha kulivuta bamba bila kulitetemesha. Lakini gari linalotembea barabarani kilomita mia nne kati ya hatua moja ya rali na nyingine liko kwenye mguu mwepesi muda mwingi. Hapo silinda hujaa nusu, moto ni mzito, na injini inataka nyuzi 40 au zaidi, kumi zaidi ya ilizozipata kwa vyuma peke yake. Bila vakyumu inatembea ikiwa imechelewa njia nzima, ekzosti ya moto, mafuta yanaisha haraka. Kwa gari la namna hiyo ningetafuta jinsi ya kuunganisha milango yote sita ya kabureta kwenye chemba ndogo inayotuliza mvuto, ndipo kikombe kichukue hapo.

Jambo linaloligusa eneo letu la Afrika Mashariki kuliko yote ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa pale ni kama kPa 83, dhidi ya 101 kule Mombasa. Arusha iko mita 1,400. Injini inayovuta hewa bila tabo, ikipangwa Nairobi, hupata hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 kila mpigo. Silinda iliyojaa pungufu huchoma taratibu na haigongi kirahisi, kwa hiyo fundi wa Nairobi akiongeza nyuzi mbili au tatu huona faida ya kweli na hasikii ubaya wowote. Kisha gari linashushwa kilomita 480 hadi pwani. Hewa imekuwa nzito, moto umekuwa wa haraka, na ile advansi iliyokuwa sawasawa sasa imezidi.

Kabureta huongeza hatari hiyo. Jeti zake hazijui mwinuko. Huko juu, hewa ikiwa nyepesi, hutoa petroli iliyozidi kwa takriban asilimia 8, na petroli ya ziada hupoza. Fundi aliyepunguza jeti Nairobi ili kupata mchanganyiko sahihi amefanya kazi nzuri kwa Nairobi. Pwani mchanganyiko huohuo unakuwa mkavu, na mkavu ni wa moto zaidi. Ongeza joto la hewa yenyewe. Unyevu wa pwani husaidia kidogo, maana mvuke wa maji hupunguza kasi ya moto, lakini msaada huo haufidii mengine yote. Kikombe cha vakyumu nacho hupima tofauti kati ya manifoldi na hewa ya nje, hivyo huko juu, ambako injini kwenye mguu mwepesi ingependa advansi zaidi, hewa ya nje yenyewe ina presha ndogo na kikombe huvuta pungufu.

Uamuzi wa kupanga kwa ajili ya wapi unategemea hesabu moja. Karibu na advansi bora, mkunjo wa nguvu umelala: injini iliyochelewa nyuzi mbili au tatu hupoteza asilimia moja au mbili hivi ya msukumo, kiasi ambacho dereva hatakihisi. Injini iliyotangulia kwa kiasi hichohicho kupita mpaka wa kugonga inaweza kupoteza pistoni. Hasara za pande hizi mbili hazilingani. Kwa hiyo gari litakaloshuka pwani lipangwe kwa hewa ya pwani, kwa petroli mbovu kuliko zote itakayokutana nayo njiani, na lipande milimani likiwa limechelewa kidogo. Anayetaka kila uzi wake anaweza kuchora mistari miwili kwenye mwili wa distributa, mmoja wa bara na mmoja wa pwani, na kuisogeza kwenye kituo cha huduma. Ni kazi ya dakika moja kwa spana moja.

Petroli nayo imebadilika. Injini hizi zilichorwa wakati risasi ikitiwa kwenye petroli ili kuzuia kugonga. Mkutano wa Dakar wa mwaka 2001 uliweka lengo la kuiondoa risasi kote kusini mwa Sahara ifikapo mwisho wa mwaka 2005, na ilikuwa haki kabisa kuiondoa, kwa sababu ilikuwa ikiharibu akili za watoto. Ila namba ya kitabu cha mwaka 1971 iliandikwa kwa petroli ya enzi ile, na aliyeongeza kompresheni kwa kuchonga silinda hedi amesogea mbali nayo zaidi.

Baada ya kupanga, ushahidi hutafutwa kwenye plagi. Endesha kwa mzigo mzito, zima injini palepale bila kuiacha kwenye silensa, fungua plagi utazame kwa lenzi. Vidoadoa vyeusi kama pilipili kwenye kauri nyeupe ni onyo. Vitone vidogo vinavyong'aa ni alumini ya pistoni. Hapo rudisha nyuzi mbili au tatu kabla ya kitu kingine chochote. Tazama zote sita. Distributa yenye bushi zilizolika hutikisika, kila silinda ikapata cheche kwa wakati wake: kwenye taa alama hucheza nyuzi tatu au nne badala ya kusimama. Katika hali hiyo nyuzi 34 ulizozisoma kwenye silinda ya kwanza zinaweza kuwa 37 kwenye ya tano, na ni hiyo ya tano itakayotoboka. Distributa ya hivyo haina taiming ya kupangwa. Ibadilishwe bushi kwanza.

Kwa waliochoka na pointi, distributa ya kielektroniki ya Nissan iliyokuja na 280ZX huingia kwenye L24, na inaondoa tatizo la kisigino kulika. Haiondoi vyuma, springi wala vakyumu. Mkunjo wake bado ni wa injini nyingine na unatakiwa kupimwa upya kwa taa, uzi kwa uzi. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakaufunga mwendo wa vyuma kabisa na kuiachia kompyuta ndogo ipange advansi kwa kusoma krankishafti na presha ya hewa. Kwa njia za kutoka Nairobi kwenda baharini hilo ndilo jibu bora, pale kanuni za mashindano zinaporuhusu. Lina sharti lake. Rota iliyofungwa haisogei tena pamoja na cheche, kwa hiyo cheche ya nyuzi 10 na ile ya nyuzi 40 hukuta ncha ya rota mahali tofauti, nyuzi 15 za distributa kati yake. Ikiwa rota haikupangwa ili masafa hayo yote yaangukie mbele ya mguu sahihi wa kofia, cheche itaruka kwenda silinda ya jirani, na kwenye faya oda ya L24 jirani huyo anaweza kuwa bado anavuta petroli. Toboa dirisha kwenye kofia kuukuu, ielekeze taa ndani, na utazame ncha ya rota ilipo kwenye kila mzunguko kabla gari halijatoka gereji.